Namna ya Kuitunza Ndege ya Kivita Baada ya Safari Yake ya Mwisho

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya shule, chuo, makavazi au kaunti yoyote ya upande wetu huu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega, ambayo siku moja itakabidhiwa ndege ya kivita ya zamani iliyoacha kuruka. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia katika ufundi wa ndege, na sasa ninaishi Kisumu, mji ambao miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua ziwani mwake. Nimehudhuria hafla za kuziaga ndege, nikaona wazee wakifuta machozi, kisha baada ya miaka michache nikaikuta ndege ileile imeota ukungu huku tairi zake zimekaa kama chapati. Ndege iliyostaafu haiangamizwi na umri. Huangamizwa na maji yaliyotuama ndani yake, na huangamizwa na watu waliodhani kwamba ikiacha kuruka, kazi ya kuikagua na kuitilia sahihi imekwisha.

Kabla ya kugusa bolti hata moja, andikeni ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini ndege hiyo imeacha kuruka. Wageni watawauliza swali hilo kila siku, na jibu la kubahatisha huwavunjia heshima wote walioihudumia. Mfano ninaoutumia mara nyingi ni wa Vulcan XH558, ndege ya mabomu ya Uingereza yenye injini nne na bawa pana la pembetatu, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1960, ikaacha maonyesho ya kijeshi mwaka 1993, na ikarejeshwa angani Oktoba 2007 kwa michango ya wananchi pamoja na fedha za bahati nasibu ya taifa. Ilitua kwa mara ya mwisho tarehe 28 Oktoba 2015. Wengi husema ilistaafishwa kwa sababu ilizeeka, lakini hiyo ni sehemu tu ya habari. Kampuni tatu zilizokuwa zikithibitisha usalama wake, yaani Marshall Aerospace, Cranfield Aerospace na Rolls-Royce, ziliamua kutoendelea kubeba dhamana hiyo, kwa kuwa ndege ilikuwa imeruka saa nyingi kuliko Vulcan nyingine yoyote na wataalamu walioijua tangu zamani walikuwa wanapungua mwaka hadi mwaka. Fedha zingeweza kuchangwa tena na marubani walikuwepo, lakini sahihi za wataalamu zilipokosekana, ndege haikuwa na ruhusa ya kuondoka chini.

Zipo sababu nyingine. Metali huchoka: kila ndege inapopanda, ikapinda na kutua, mabawa yake hukunjwa na kukunjuliwa kidogo, kama waya wa seng'enge unaopindwa huku na huku mpaka ukatike, na ndiyo maana saa za kila ndege huhesabiwa tangu siku ya kwanza. Vipuri huadimika. Sheria nazo hubadilika baada ya msiba, kama ilivyotokea Uingereza baada ya tarehe 22 Agosti 2015, ndege ya Hawker Hunter ilipoanguka barabarani karibu na uwanja wa Shoreham na kuua watu 11, ndipo maonyesho ya jeti za zamani juu ya nchi kavu yakawekewa mipaka mikali. Nasi Kenya tumekuwa na ndege zetu za kukumbukwa: Strikemaster zilizopokelewa mwaka 1971, Hunter za miaka ya 1970, F-5 zilizoanza kufika mwaka 1978, na ndege 12 za Hawk zilizowasili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila iliyoacha kazi ina sababu yake. Ulizeni waliokuwepo, andikeni, na mtu mwenye mamlaka atie sahihi.

Siku ya kutua kwa mwisho

Ikiwa mna bahati ya kuipokea ndege inayofika ikiruka yenyewe, msiruhusu sherehe iwaondoe mafundi kando yake. Saa za kwanza ndizo zenye thamani kubwa. Injini inapozungushwa kwa mara ya mwisho bila kuwashwa, hunyunyiziwa mafuta ya kuhifadhi ili chuma cha ndani kisishike kutu, na kazi hiyo ikiahirishwa hadi wiki ijayo, unyevu wa ziwa utakuwa umekwisha kuanza kazi yake. Mafuta ya taa ya jeti yatolewe kwenye matangi yote, likiwemo lile dogo ambalo kila mtu hulisahau, na matangi yaachwe wazi yapate hewa mpaka harufu iishe, kwa maana mvuke unaobaki katika tangi tupu ni hatari kuliko mafuta yenyewe. Betri ziondolewe. Mitungi ya oksijeni na ya hewa iliyoshindiliwa ipunguzwe nguvu polepole na mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Kiti cha rubani nitakizungumzia peke yake. Ndege nyingi za kivita zina kiti kinachomrusha rubani nje kwa baruti, na baruti hiyo haijui kwamba ndege imestaafu. Novemba 2011 rubani wa Red Arrows, kikundi cha maonyesho ya angani cha jeshi la anga la Uingereza, alikufa baada ya kiti cha ndege yake ya Hawk kufyatuka ikiwa imesimama chini, na mwavuli wake haukufunguka. Kwa hiyo mtoto asipande, mwalimu asipande, wala mheshimiwa asipigwe picha ndani ya chumba cha rubani kabla wataalamu wa silaha wa jeshi hawajaondoa fataki zote za kiti na za kioo na kuwaachia cheti cha maandishi. Msikubali neno la mdomo, hata likitoka kwa mtu mnayemheshimu sana.

Jambo la pili la siku hizo ni saa na vipimo vya ndani. Katika ndege zilizoundwa miaka ya 1950, namba nyingi zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae usiku. Mng'ao huweza kuwa umekufa zamani, lakini mionzi haijafa. Vioo vyake visifunguliwe, vilivyopasuka visiguswe kwa mikono mitupu, na Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya iombwe ije ipime kabla ya wageni kuruhusiwa kukaribia.

Hati za umiliki nazo zishughulikiwe mapema. Ndege ya jeshi ni mali ya umma iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, na barua ya kuikabidhi ieleze wazi kama mmepewa au mmeazimwa, kwa kuwa atakayeilipia rangi miaka 10 ijayo atataka kujua hilo.

Kuileta kwa barabara

Mara nyingi ndege huja kwa lori. Hunter ina urefu wa karibu mita 14, upana wa mabawa unaozidi mita 10, na ikiwa tupu ina uzito wa tani 6 na zaidi kidogo. Mzigo wa namna hiyo ukitoka Nanyuki kupitia Nyahururu na Nakuru, upande Mau Summit na kushuka Kericho hadi Ahero, hauwezi kupita mabawa yakiwa mahali pake. Yanapaswa kufunguliwa kwenye maungio yaliyowekwa na waundaji, kwa vifaa vyake, bila haraka. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona mtu akileta msumeno wa umeme wa kukatia chuma ili amalize kazi kabla ya jioni. Bawa lililokatwa haliungiki tena kwa heshima. Litabandikwa vipande vya bati, na kila anayejua ndege atauona mshono ule kabla ya kuona kitu kingine.

Bolti za kila ungio zitiwe katika mfuko wake, mfuko uandikwe kwa wino usiofutika, kisha ufungwe karibu na mahali bolti zilipotoka. Pigeni picha kila hatua. Kibali cha mzigo mpana huombwa kwa Mamlaka ya Barabara Kuu, na dereva aende kuikagua njia mapema, hasa nyaya za umeme zinazovuka juu ya barabara zikiwa zimelegea karibu na masoko, kwa kuwa mkia ndio unaokwenda juu kabisa.

Mahali pa kusimama

Pakiwa na paa, chagueni paa. Bati la kawaida juu ya nguzo, hata pasipo kuta, huiongezea ndege maisha kuliko rangi ya bei ghali. Wengi hutaka kuiinua ndege juu ya nguzo moja langoni ionekane inapaa, na ninaielewa hamu hiyo, lakini mimi huwashauri waiache isimame kwa magurudumu yake. Ikiwa juu, hakuna atakayepanda kuikagua kila mwezi.

Ardhi itazamwe kwa makini. Katika uwanda wa Kano, kutoka Ahero hadi pembezoni mwa Kisumu, udongo mweusi hufura wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi, nao umeinamisha nyumba nyingi, sembuse gurudumu moja lililobeba tani mbili. Udongo huo uchimbwe na kuondolewa, mahali pake pajazwe kifusi na kokoto zilizoshindiliwa, kisha zege lenye nondo limwagwe likiwa na mteremko mdogo wa kuondoa maji. Nakuru tatizo ni jingine: udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi, huchukuliwa na maji, na mji unajulikana kwa nyufa za ardhi zinazojitokeza baada ya mvua kubwa, kwa hiyo mtaalamu wa ardhi aulizwe kwanza. Vumbi la magadi kutoka ufuo wa Ziwa Nakuru nalo hutua juu ya alumini na kuila likipata umande, hivyo ndege ya huko inahitaji kuoshwa mara nyingi zaidi.

Uzito usiachiwe tairi. Wekeni stendi za chuma chini ya sehemu za jeki ili tairi ziguse chini tu bila kubeba. Ndege ifungwe kwa minyororo kwenye pete zilizozamishwa ndani ya zege, kwa sababu upepo wa dhoruba za jioni kutoka ziwani unaweza kuisogeza ndege isiyokuwa na mafuta wala injini. Na kwa kuwa radi za ukanda huu, kuanzia Kisii hadi Kakamega, hazina mzaha, waya mnene wa shaba uunganishe kiwiliwili cha ndege na fimbo iliyopigwa ardhini.

Maji

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiruke mstari hata mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na taasisi moja ikitaka niitazame jeti ndogo ya mafunzo iliyosimamishwa langoni pake. Kwa mbali ilimeremeta. Bwana aliyekuwa akiitunza, kijana mwenye bidii, alinipokea kwa furaha akaniambia, "Mzee, hii tuliipaka rangi mwezi uliopita tu, iko sawa kabisa." Nikapita chini ya tumbo la ndege nikiwa nimeinama, nikapapasa kwa kidole mahali ambapo tundu za kutolea maji huwa, nikakuta rangi laini, nzuri, iliyopakwa mara mbili. Tundu zote zilikuwa zimezibwa. Nilichukua bisibisi nyembamba nikaitoboa rangi ile, na maji ya rangi ya strungi yakaanza kutoka. Yalijaza ndoo ya lita 20, tukaleta ya pili. Tulipofungua kifuniko cha pembeni na kuangaza kwa tochi, niliuona ubavu mmoja wa alumini umefura na kuachana tabaka kwa tabaka, kama chapati iliyokandwa vizuri kwa mafuta. Niliugusa, ukabaki mkononi mwangu unga mweupe na vipande vyembamba kama karatasi. Kijana yule alinyamaza kwa muda mrefu, na nilimhurumia, kwa maana hakuna aliyemwambia.

Basi jueni kwamba kutu ya alumini si nyekundu, ni unga mweupe au rangi iliyofura malengelenge kuzunguka ribiti, yaani vile vipingili vinavyoshikanisha bati. Huanza mahali maji yalipokaa, na huenda mbio zaidi mahali alumini ilipogusana na chuma, au kwenye sehemu za magnesiamu kama vikombe vya magurudumu ya ndege za zamani. Mwombeni fundi aliyeijua ndege hiyo awachoree mahali pa kila tundu la maji upande wa chini, kisha kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki, mtu apitishe kijiti laini au waya wenye ncha butu katika kila tundu na kuhesabu: kama mchoro una tundu 34, hesabu iwe 34. Wakati wa kupaka rangi, kila tundu lizibwe kwa kijiti na kijiti hicho kiondolewe baadaye. Mkia ukiwa chini kidogo kuliko pua, maji yatakwenda nyuma, kwa hiyo tazameni huko kwanza.

Wakati wa kuosha, tumieni sabuni laini isiyo na magadi, maji mengi na vitambaa. Waya wa kusugulia masufuria hauruhusiwi hata siku moja, kwa kuwa bati nyingi za ndege zina tabaka jembamba la alumini safi juu yake linalozikinga, na likisuguliwa likaisha, halirudi, tena vijisehemu vya chuma vinavyobaki huanzisha kutu palepale. Dawa za kung'arishia nguo zenye klorini nazo zisikaribie. Mashine ya maji yenye nguvu isielekezwe kwenye maungio, kwani huyasukuma maji mahali ambapo mvua isingefika.

Jua, ndege hai na wadudu

Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jua letu hukichosha kioo cha chumba cha rubani mpaka kikajaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Kifunikeni kwa kitambaa kizito cheupe kinachopitisha hewa. Turubai jeusi la plastiki, lililokazwa kwa kamba, hupika unyevu ndani kama sufuria iliyofunikwa, nami ningependa kioo kibaki wazi kuliko kufunikwa hivyo.

Matundu ya kuingizia na kutolea hewa ya injini yawekewe vifuniko vyenye wavu mwembamba, kwa sababu nyuki huyapenda kuliko mizinga, na nyigu wanaofinyanga udongo hujaza mirija midogo ya kupimia kasi. Wadudu wa ziwani wanaokuja kwa makundi kama moshi watapenya wavu wowote. Fagieni tu mara kwa mara. Kinyesi cha korongo wakubwa wanaozurura mjini hula rangi, hivyo kioshwe siku hiyohiyo.

Daftari

Vulcan ile niliyoitaja ina somo jingine ambalo watu wa kutunza ndege hawapaswi kulisahau. Mei 2012 ilipokuwa ikianza kuruka kutoka uwanja wa Doncaster, injini moja ya upande wa kushoto ilimeza vifuko vya silika, ile dawa ya kunyonya unyevu ambayo huwekwa kwa nia njema kabisa ya kuihifadhi injini inapopumzika. Vifuko hivyo vilikuwa vimesahaulika ndani. Vipande vya injini ya kwanza vikaiharibu ya pili, na injini mbili ambazo hazitengenezwi tena popote zikapotea kwa dakika moja. Kwa hiyo kila kitu mnachokitia ndani ya ndege, kiwe kifuko, kizibo, kitambaa au kijiti, kipewe namba, kifungwe utepe mwekundu unaoning'inia nje, na kiandikwe daftarini: kimewekwa lini, na nani, wapi, na kikiondolewa, lini na nani.

Ndege yenu haitaruka, lakini huenda mkataka injini iendelee kuzunguka, kama wafanyavyo watunzaji wa Vulcan XL426 huko Southend na XM655 huko Wellesbourne, ambao huziwasha na kuziendesha chini bila kuziacha zipae. Kwa taasisi nyingi za kwetu sishauri jambo hilo, kwa sababu linahitaji mafuta mengi, wazima moto na mafundi wa kudumu. Afadhali nguvu hiyo iende kwenye paa na daftari.

Wazee walioihudumia wangali hai, wengine wako Lanet, wengine Maseno, wengine Webuye. Waiteni mapema, si siku ya hafla tu. Mkalisheni mzee karibu na ndege yenyewe, si ofisini, mpeni muda aishike, kisha rekodini anachosema kwa simu mkiwa na kibali chake. Mikono hukumbuka kuliko kichwa: fundi ambaye hawezi kutaja jina la kifuniko fulani atapeleka mkono wake moja kwa moja mahali kilipo na kusema, "Hapa palikuwa pakivuja." Sentensi hiyo iandikwe daftarini pamoja na tarehe, maana ndipo mtakapoanza kupakagua.

Katika Makavazi ya Kisumu lipo boma la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala, na hakuna anayeshangaa kusikia kwamba nyasi za paa zake hubadilishwa, kwa kuwa kila mtu anajua nyasi huoza. Kamati yenu iwekeeni ndege fungu lake la kila mwaka kwa namna hiyohiyo, kabla ya siku ya kuipokea: sabuni na vitambaa, rangi ya kurekebishia, kitambaa kipya cha kioo, na posho ya watu wawili. Nasema wawili kwa sababu mmoja hukagua na wa pili humkagua mkaguzi, kama ilivyokuwa ndege ilipokuwa ikiruka. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wapite wote wawili, wahesabu tundu, wasome namba za tepe nyekundu, wapapase sehemu ya nyuma ya tumbo la ndege, waandike walichokiona hata kama hawakuona kitu, na watie sahihi zao mbili chini ya tarehe.